Jeki ya Kaka Yangu

Niliiona jeki ya kaka yangu chini ya Landrova ya wilaya, imebeba gari. Kikapu kilinitoka mkononi palepale kwenye ua wa ofisi, Nachingwea. Alama ya tindo aliyoipiga mwenyewe ilikuwepo. Na fremu yake ya mninga, jamani, ilikuwa imewekwa kuzuia mlango wa stoo usijifunge!

Jeki na fremu hiyo ndiyo ilikuwa mashine yake ya kukamua ufuta. Kwetu Nambambo wanawake tulitwanga, tukachemsha, tukaengua mafuta kwa kijiko, kutwa nzima kwa chupa moja. Kiganja changu cha kulia hakinyooki hadi leo. Kaka, mhunzi asiyejua darasa, akaokota jeki kwenye trekta bovu lililoachwa na wazungu wa yale mashamba ya karanga ya enzi ya ukoloni, akaifunga kwenye fremu ili ikandamize mfuko wa ufuta.

"Mtani," jirani akamwambia, "chuma hicho kinakamua ufuta au dhambi zetu?"

"Zako lete, tutajaza debe!"

Mafuta yakavuja, tukamsema. Kesho yake kaweka bati. Tukasema mpini mzito, kesho yake karefusha. Mashine ilikua hivyo, kwa midomo yetu na nyundo yake.

Katibu wa kijiji akamwambia aipeleke maonyesho ya Sabasaba. Kaka akaiosha, akaifunga kanga yangu mpya, akaisukuma kwa baiskeli hadi mjini. Mtaalamu wa mitambo wa wilaya akauliza, "Mchoro wake uko wapi?"

Kaka akagusa kichwa chake. Watu wakacheka.

"Basi itabaki tuikague, tuichore. Bila mchoro haitambuliki."

"Ndiyo, mzee," akaitikia katibu wetu, aliyekuwa amesimama kando.

Kaka alirudi anatamba: wataalamu wanachora kazi yangu! Misimu miwili alifuatilia, akaambiwa bado inakaguliwa. Ndipo mimi nikaiona pale uani, chini ya gari.

Nilipomwambia, aliinuka. Akamwaga maji kwenye moto wake wa uhunzi, nyundo akampa fundi baiskeli. Mhunzi wa Nandagala, kule Ruangwa, aliyekuwa anaiga mashine ile, aliposikia akaing'oa yake. "Niimalize ili waje kuichukua?" Tukarudi kwenye vinu.

Leo wasomi wanashangaa redioni kwamba watu wa vijijini hawabuni kitu. Siwajibu wao. Wewe katibu nakuona sokoni, unanikwepa. Na wewe mtaalamu, pensheni yako unakula. Mlisema mnaikagua. Kaka yangu amekufa anasubiri jibu lenu. Haya, mimi nipo. Semeni mliona nini.