Mbwa Niliyemtoa Mapema

Nilimtoa mtoto wa mbwa ambaye bado hakujua kula, na ushahidi wangu wote ulikuwa sahani tupu. Nakiri mapema ili msije mkanionea huruma baadaye.

Mbwa wangu alikuwa amezaa watoto watano katika kistoo cha makaa. Walipofika kama wiki ya tano nilianza kuwapikia uji wa mahindi, ndani yake nikiponda sambaza, vile visamaki vidogo. Kila asubuhi niliwawekea sahani, kisha nikaenda kufua. Nikirudi, sahani inang'aa kama imesuguliwa kwa majivu. Siku ya tatu nikatangaza kwamba wameacha ziwa. Wana meno, wanatembea, wanamaliza uji: mtu aliyemaliza sekondari, biolojia ikiwemo, atake nini zaidi?

Walikuwepo watu wanaowasubiri. Wa kwanza alikuwa mkulima wa Nyamyumba aliyeibiwa mbuzi, mtu mpole, aliyeniambia kwamba kwao mbwa huchukuliwa angali mdogo ili ajue bwana mmoja tu. Akachagua dume mweusi, mnene kuliko wote, akamtia ndani ya koti lake. Nilifurahi. Sisi tusiotoka nyumbani hupenda sana kuona wengine wakitoka.

Baada ya siku tatu akapiga simu. Mtoto hali. Amempa uji, amempa viazi vitamu, hata maziwa ya ng'ombe, na hayo maziwa yamemharisha tangu jana. Hakunilaumu. Aliuliza tu, kwa adabu, kama kuna namna ya kumlisha ambayo nilisahau kumwambia.

Nikiwa bado na simu mkononi nilimgeukia jirani yangu, mama mshonaji ambaye cherehani yake iko barazani kwake, ng'ambo ya uzio wa matete. Nikamuuliza kama amewahi kuona mbwa anayejua kula akasahau. Akakata uzi kwa meno.

"Hawa hawajue kula, dada. Ule uji, mama yao ndio anakulaka. Mi naona kila asubuhi. Nilizani unamupikia yeye."

Nikataka kujua kwa nini hakuniambia. Akasema mimi ni mtu wa kusoma, alidhani ndivyo wasomi wanavyofuga.

Kwenda sokoni tu huwa naanza kufikiria tangu juzi yake. Siku ile nilipanda pikipiki na kandambili na kitenge cha jikoni, na toka kona ya kwanza hadi tulipoipita Rubona nilikuwa namuombea mbwa, mimi ambaye ndugu zangu huwaombea kwa jumla.

Nilimkuta nyuma ya jiko la mkulima, juu ya gunia, ananuka sabuni ya kufulia. Walikuwa wamemuogesha kumtoa viroboto. Lile tumbo lililofanya achaguliwe lilikuwa limeshikana na mgongo. Nilimvuta ngozi ya shingo, ikabaki imesimama kama kitambaa kibichi. Alikuwa baridi. Nikamtia ndani ya sweta, ngozi kwa ngozi, na mkulima akanisindikiza hadi barabarani akiniomba msamaha, nami nikimuomba yeye, mpaka dereva akapiga honi. Njiani dereva akauliza nimebeba nini. Nikasema mtoto. Akapunguza mwendo kwa heshima, siku pekee katika maisha yangu niliyotaka dereva akimbie.

Nyumbani nilimlaza karibu na mama yake. Mama akamnusa mara moja, akanguruma, akainuka na kwenda kulala pembe nyingine, na wale wanne wakamfuata wakimkanyaga ndugu yao. Nikaketi juu ya makaa nikalia, wala si kwa staha.

Jirani hagusi mbwa, kwa sababu ya sala zake, lakini aliacha kazi akaja kusimama kwenye uzio na kuniamuru kutoka huko. Nimpanguse ile sabuni kwa maji ya uvuguvugu. Nimsugue kwa gunia analolalia mama yake. Nikamue matone ya maziwa ya mama nimpake puani na mgongoni. Wale wanne niwafungie bafuni mpaka maziwa yamuume mama mwenyewe. Nilipouliza amejulia wapi mambo haya, akasema amenyonyesha watoto saba.

Nikafanya yote, tukasubiri. Bafuni wanne walilia. Stooni huyu mmoja hakulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Nililowesha ncha ya kitambaa kwa maji ya sukari nikamminyia mdomoni. Maji yakatokea upande wa pili. Nilihesabu pumzi zake, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Nikamwambia akae hata miaka kumi, asiende popote, tutazeekea humu ndani wote wawili. Simu ikalia: mke wa askari, niliyemuahidi jike, alitaka kujua kama aje Jumamosi. Nikamwambia hakuna mbwa anayetoka hapa, nikakata, mimi ambaye husikiliza hata simu za watu waliokosea namba mpaka wamalize wenyewe.

Jirani akaenda kusali alasiri, akarudi. Mama mbwa alikuwa amezungukazunguka mlangoni pa bafu mara nyingi, matiti yamejaa yakining'inia, na mwishowe akarudi stooni akajilaza kwa ubavu. Nikamsogeza mtoto, nikaminya tone likaingia mdomoni mwake. Mama akanguruma kidogo, lakini hakuinuka. Ulimi ukatikisika. Akavuta mara mbili, labda tatu, kisha akaachia, na kichwa kikaangukia kiganjani mwangu. Nikaweka kidole ubavuni: moyo ulikuwepo, mwembamba, wa haraka. Nikamrudishia ziwa mdomoni.

Jirani akauliza kama ameshika. Nikasema ameshika, ameachia, sijui.

Akanitazama mimi, si mbwa, machozi na makaa usoni mwangu.

"Bon. Hiyo ikipona, usipatie mutu. Ikikufa, usifuge tena hata kuku."