Jiko la Mzazi

Mke mwenzangu alijifungua mtoto wa kike wakati wa masika, na mama yake akaja Kariakoo kutoka Kisarawe kumlea. Mume wetu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Gerezani, kutwa hayupo. Mimi ndiye mke mkubwa, sina mtoto, na yule mama hakunificha alichokuwa akinifikiria. Nikiingia na uji wa pilipili manga, anautazama uji, kisha ananitazama mimi.

Asubuhi moja niliwapelekea uji, nikamchukua mtoto kwenda kumwogesha jikoni uani. Niliporudi nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Nikaita. Kimya. Nikapiga kelele, majirani wakaja wakauvunja. Mke mwenzangu alikuwa kitandani, hajitambui. Mama yake alikuwa chini, karibu na jiko la mkaa la kumpa mzazi joto, anakoroma, ametapika.

"Uji," mtu akasema nyuma yangu.

"Na mtoto kamtoa kwanza," akadakia jirani wa chumba cha pili. Akamchukua mtoto mikononi mwangu.

Wagonjwa wakatolewa nje barazani, dresa wa zahanati akaitwa. Mimi nikarudi chumbani, nikatoka na bakuli la uji uliobaki, nikaunywa wote mbele yao.

"Kama ni sumu, nami nife."

Walisimama wananitazama, wakingoja nianguke.

Dresa alipofika, upepo wa nje ulikwisha kuwafumbua macho wale wawili. Aliingia chumbani, akatoka ameshika kanga iliyosokotwa.

"Nani kaziba dirisha?"

"Mimi," mama akasema kwa shida. "Nyumba hii ina jicho baya."

Hakunitazama. Haikuhitajika.

Dresa akatueleza kwamba ndani ya mkaa kuna kitu kiitwacho kaboni. Mkaa ukiwaka chumba kikiwa hakina hewa ya kutosha, hutoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, ikaishika damu, na mtu akalala asiamke.

"Mkaa huu huu tunaopikia?" mama akauliza.

Dresa akaomba sukari, akamwaga kidogo kwenye kijiko, akakiweka juu ya makaa. Sukari ikayeyuka, ikawa nyekundu, ikatoa moshi, ikabaki nyeusi tititi.

"Kaboni hiyo. Imo kwenye sukari, kwenye mafuta, kwenye nyama ya mwili wako, mama. Bila hiyo hata mjukuu wako asingekuwapo."

Jirani akanirudishia mtoto.

Tangu siku ile dirisha halikufungwa tena. Lakini kila nikipeleka uji, mama alisema, "Onja kwanza," nami nikaonja, mke mwenzangu akiangalia ukutani. Siku moja mama alikwenda sokoni. Mke mwenzangu akalipokea bakuli kabla sijaonja, akanywa mpaka chini.

"Mtamu," akasema.

Kesho yake mama yupo, nikaonja kama kawaida, na mke mwenzangu akaangalia ukutani.