Begi Lililopimwa kwa Unga

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyokwenda Eastleigh na marehemu baba yako kununua begi la kamera. Juzi ulikuja hapa na simu yako ukanionyesha mabegi mpaka macho yakaniuma. Hili lina vyumba vingi, hili haliingizi maji, lile lina waya wa kuchajia simu. Ukaniuliza, "Mama, nichukue gani?" Nikakwambia ngoja nifikirie. Jibu hilo hukulipenda, nilikuona ulivyokunja mdomo. Lakini kwangu mimi swali la begi si swali dogo, na leo nimetulia na chai iko tayari, kwa hiyo keti unisikilize. Na hiyo simu iweke chini kwanza.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo inaanza. Nilikuwa nakaa mtaa wa Huruma, chumba kimoja ghorofani, na kazi yangu ilikuwa kupiga picha, kama wewe sasa. Nilijifunza katika studio moja ndogo, na mwenye studio alipofunga ili arudi kwao, aliniachia kamera yake, lenzi mbili na flashi, badala ya malipo yangu ya mwisho. Msichana wa Kikamba mwenye kamera! Watu walinishangaa, lakini waliniita. Jumapili wakishatoka kanisani nilizunguka ploti hadi ploti za wapangaji, ngazi juu, ngazi chini. Siku hizo picha ilikuwa jambo, si kama sasa mtu anapiga picha sahani ya chipsi. Mwanamume alibadilisha shati. Mama alimpaka mtoto mafuta mpaka anang'aa. Nilitembea na kitana, kioo kidogo na poda, na tai moja nyekundu ambayo nusu ya wanaume wa Huruma wameivaa katika picha walizotuma nyumbani. Hata wasiokuwa na kola.

Vitu hivyo vyote nilivibeba katika kiondo alichonisukia mama yangu. Nilivifunika kwa leso, na juu ya leso naweka sukuma wiki, ili vijana wa kona wakiona waseme huyu ni mama fulani ametoka sokoni. Wezi niliwaweza, lakini kamera ndiyo iliyoumia. Lenzi ziligongana njia nzima, maji ya sukuma yalishuka mpaka kwenye flashi, na ule ukanda wa kiondo ulinikata bega hata Jumatatu siwezi kuinua mkono kuchana nywele. Nikasema basi, imetosha, natafuta begi la mgongoni.

Lakini ngoja, siwezi kukueleza begi kabla sijakueleza baba yako.

Barasa alikuwa karani wa reli. Mrefu, mpole mpaka anakera. Ukimuuliza jambo leo, anaweza kukujibu kesho kutwa, tena ukiwa umeshasahau uliuliza nini. Nilimpenda, mwanangu. Nakwambia hivyo bila haya kwa sababu niko na mvi na hakuna wa kunicheka. Nilikuwa nikisikia viatu vyake kwenye ngazi, sufuria naiacha iungue. Tulikuwa tumekubaliana kuoana, na mama yake akasafiri kutoka Bungoma aje anione.

Nyanya yako alikuwa mtu mzuri, wewe mwenyewe ulimjua. Alikula, akasifu ugali wangu, ambao haukustahili sifa, akacheka na majirani. Halafu akanigeukia kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza habari za mvua, akasema, "Sasa mwanangu, na hii kazi ya kuzunguka kwa watu na kamera, ukishaolewa utaiacha lini?"

Nilimwangalia Barasa. Barasa aliangalia kikombe chake, akakinusa, akasema, "Chai hii ina tangawizi, siyo?"

Tangawizi! Haki ya Mungu, ningekuwa na ujasiri ningemmwagia hiyo tangawizi kichwani.

Tangu siku hiyo nikawa na hofu. Nilimtaka Barasa na niliitaka kamera yangu, na nilijua wasichana wengi waliokuwa na kazi zao nzuri, mmoja fundi cherehani, mwingine ana kibanda cha nywele, ambao waliolewa na kazi ikaishia siku ya harusi. Hakuna aliyewakataza kwa ukali. Ni vile tu hakuna aliyesema waendelee. Nikajiapia kwamba sitamuuliza Barasa. Nilitaka aseme mwenyewe, bila kusukumwa. Na akisema niache kamera, nitamwacha yeye. Nikishawaza hivyo nilikuwa nafunika uso kwa mto nalia.

Majuma yakapita. Barasa akazungumza habari za mpira, za paa la mama yake, za bosi wake. Habari za kamera, kimya. Mwishowe nikamtega. Nikamwambia nataka kununua begi la kamera, zuri, la kudumu miaka mingi. Hayo maneno ya miaka mingi niliyavuta makusudi, nikamkazia macho nione uso wake utafanya nini.

Uso haukufanya kitu. "Basi Jumamosi nikitoka kazini twende Eastleigh," akasema. "Lakini tupitie dukani kwanza, nimeishiwa unga."

Ndivyo tulivyoingia barabara ya First Avenue mimi na kiondo changu chenye kamera, yeye na pakiti mbili za unga kwapani, kama watu waliopotea njia ya kwenda jikoni. Tulipanda jengo moja lililokuwa limejaa vibanda vya nguo na viatu, mpaka kwa mzee mmoja aliyeuza mabegi. "Karibu dada, ingia, kuangalia hakuna malipo," akasema, akaniwekea mbele begi la wapiga picha lenyewe.

Wacha we! Lilikuwa jeusi, limejazwa sifongo nene, lina vyumba vya lenzi, kamba ya kufunga kifuani, na maandishi makubwa meupe mgongoni. Nililipenda papo hapo. Nilijiona Jumapili napanda ngazi nalo, watu wanasema huyo ndiye mpiga picha sasa. Pembeni kulikuwa na jingine la turubai la kijani kibichi, la kawaida, lisilo na neno lolote, begi la mwanafunzi yeyote au la fundi wa bomba. Hilo sikuligusa.

Barasa akaliangalia lile jeusi pande zote. "Hili linasema kamera kabla hujalifungua," akasema. "Hutafika nalo Juja Road."

Nikajiambia, haya, imeanza. Leo begi ni baya, kesho barabara ni mbaya, kesho kutwa kazi yenyewe ni mbaya. Nikamjibu kwa ukali kwamba mwenye kujua kazi hii ni mimi, na kwamba yeye ajue mambo ya treni zake. Mwuza mabegi akajifanya anapangusa vumbi.

Barasa hakukasirika. Aliuliza kama anaweza kujaribu, akachukua zile pakiti mbili za unga akazitia ndani ya lile jeusi. "Kamera na lenzi na flashi uzito wake ni kama huu, siyo?" Akalivaa, akaanza kutembea. Alikwenda mpaka mwisho wa ukumbi akarudi, akashuka ngazi akapanda, karani mzima wa reli na suruali yake ya kunyooshwa pasi, unga mgongoni. Watu wakatoka vibandani kutazama. Kijana mmoja akaniuliza, "Siste, huyu buda wako yuko sawa?" Nilitamani ardhi inimeze.

Akarudi. Nikadhani sarakasi imekwisha. Kumbe bado. Alilivua begi akaligeuza, akaingiza mikono upya, akalivaa mbele, likamkaa kifuani na tumboni. Akaanza tena kutembea. Lile begi jeusi lilikuwa gumu, likawa linampiga kidevu kila hatua, na zipu yake ilifunguka kuelekea nje kiasi kwamba hakuweza kufikisha mkono ndani. Akatikisa kichwa. Akahamisha unga kwenye lile la kijani, akalivaa vilevile mbele. Likamkaa vizuri. Akalegeza kamba, akachuchumaa, akainuka, akafungua zipu ya juu kwa mkono mmoja, akatoa pakiti ya unga, akairudisha. Akafanya hivyo tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya kazi muhimu sana.

Uvumilivu ukaniisha. "Wewe Barasa," nikasema, na sauti ilikuwa imepanda, "begi la mgongoni unalivalia tumboni kwa nini? Umerukwa na akili?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyerukwa.

"Na mtoto utambeba wapi?"

"Mtoto gani?"

"Huyo tutakayejaliwa." Akashusha sauti, maana jengo zima lilikuwa linasikiliza. "Yeye atakuwa mgongoni, kamera itakuwa mbele. Ama ulikuwa unataka mmoja wao umwache nyumbani?"

Mwanangu, nilishika zipu ya begi la kijani nikaifungua na kuifunga, kuifungua na kuifunga, ili nisilie mbele ya watu. Majuma yote yale niliyokuwa nafunika uso kwa mto, huyu mtu alikuwa kwake anafikiria mtoto atakaa upande gani.

Nikamuuliza mbona siku ile mama yake aliponiuliza alinyamaza. Akashangaa kwa kweli. "Mama alikuuliza wewe," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja kusikia utakavyosema. Hukusema kitu, nikafikiri labda umechoka na hiyo kazi." Unaona? Kila mmoja alikuwa amekaa anamngojea mwenzake. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa anamsindikiza mama yake kupanda basi, alimweleza kwamba kamera haiendi mahali. Nikamuuliza mama alisema nini. "Alisema nikutafutie leso ngumu," akasema baba yako.

Tukanunua la kijani. Pale nje, kando ya barabara, nilihamisha kamera kutoka kwenye kiondo nikaitia ndani, nikalivaa mbele kama alivyonionyesha, nikafungua zipu kwa mkono mmoja na kutoa kamera kuona kama itawezekana. Iliwezekana. Nikampiga picha ya kwanza iliyotoka katika begi lile: Barasa amekumbatia pakiti mbili za unga, shati limejaa vumbi jeupe, anacheka. Tulipofika nyumbani akakata godoro kuukuu kwa kisu cha mkate, akatengeneza vyumba vya lenzi. Chumba kimoja akakiacha kitupu. Nikamuuliza ni cha nini, akasema cha nepi.

Ukaja wewe. Na kweli, tulizunguka Huruma yote tukiwa hivyo watatu, wewe mgongoni kwa leso ngumu ya nyanya yako, begi mbele, mimi katikati. Vijana wa kona walisalimia, "Sasa mathe," wakaendelea na mambo yao. Waliona mama na mtoto na begi la nguo chafu za mtoto. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunigusa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Baba yako alipotutoka, nilitoa picha zote za miaka ile nikazitandaza kitandani. Nikagundua kwamba katika zile nilizopiga nikiwa na begi mbele hakuna mtu anayeangalia kamera. Mabwana harusi, mama wa kanisa, wazee wenye ile tai nyekundu, wote macho yao yako juu kidogo, pembeni, na wote wanatabasamu tabasamu moja. Nilidhani nilikuwa mpiga picha hodari wa kuchekesha watu! Kumbe ulikuwa wewe, unachungulia juu ya bega langu. Na Barasa ni vilevile. Picha zake zote baada ya kuzaliwa kwako, anakutazama wewe. Nilitafuta moja tu ambayo ananitazama mimi. Nililia kwa kuitafuta. Nikaipata chini kabisa, ile ya Eastleigh, ya unga. Pale macho yake yamekuja moja kwa moja, na mgongoni mwangu hapakuwa na mtu bado. Ndiyo ninayolala nayo karibu na mto. Namkosa, mwanangu. Naikosa hata tangawizi yake.

Basi swali lako la begi, jibu langu ni hili. Usichukue linalojitangaza, chukua lile ambalo mtu akiliona atafikiri umebeba sweta. Lisiwe zito likiwa tupu. Zipu yake uifikie kwa mkono mmoja. Acha nafasi moja ndani isiyo ya kamera. Na usilinunue kwenye simu. Nenda dukani, na umchukue huyo kijana wako anayesema anataka kukuoa. Utie vitu vizito ndani, umpe alibebe, kisha unyamaze uangalie anafikiria nini. Lakini usinyamaze majuma kama mimi. Ukiona hasemi kitu kuhusu kazi yako, muulize siku hiyo hiyo, mbele ya mwuza mabegi ikibidi. Baba yako alinijibu vizuri, lakini ningeuliza mapema, ningepata majuma mengine ya kufurahi naye, na sasa kila juma nalihesabu.

Mungu akuongoze ngazi juu na ngazi chini. Picha zako zitoke safi, na mkono wa mwizi usikufikie. Akupe mtu wa kutembea na mzigo wako mbele ya watu bila haya. Na siku ikifika, mwanangu, begi likae mbele, maana mgongo utakuwa na mwenyewe.