Godoro Lililotolewa Nje

Binti yangu alisoma Kibiti akilala bwenini, maana kwetu Maparoni, kwenye visiwa vya delta ya mto, ni mbali, hakuna namna ya kwenda na kurudi. Likizo moja alikuja na vipele mikononi. Akasema ni mbu. Baadaye alilia, akaniambia wenzake walikuta kunguni kwenye godoro lake, wakalitoa nje, na hakuna tena aliyetaka kulala karibu naye.

"Wanasema nimewaleta kutoka delta, mama."

Tulichemsha nguo zake zote, begi tukalianika juani. Kwenye kikao cha wazazi nikasimama, nikaeleza kwamba kunguni huingia kwenye begi la yeyote, hata la mtu msafi, nikaomba bweni zima lipuliziwe dawa kwa pamoja. Kisha mama mmoja akasema taratibu, "Hata wangu alirudi nao. Tuliona haya kusema."

Bweni likapuliziwa dawa, na mwalimu akapiga simu kumwita binti yangu. Yeye alikataa kurudi. Nilimbembeleza, baba yake akambembeleza, haikusaidia. Sasa tunalima naye mpunga. Wenzake wanajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na mbele yake hatulitaji neno shule.