Bei ya Kwanza ya Monowara

Monowara hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Hata matibabu. Aliwahi kubishana na daktari wa mjini juu ya bei ya kushonwa kidole huku damu inamchuruzika, na daktari akapunguza, nadhani ili mtu huyo aondoke tu. Sisi wanawake wa kijiji cha Purbopara tulimtegemea. Mchuuzi wa sufuria au sari akiingia uani, hakuna aliyefungua mdomo mpaka Monowara atoke jikoni, ashike bidhaa, akunje uso na kuuliza, "Hiki nacho? Unauza au unatupa?" Hapo atataja robo ya bei. Mchuuzi ataapa kwa watoto wake, atafunga mzigo, atajitwika na kuondoka. Nasi kimya. Ukimwita kabla hajafika kona ya bwawa, umeharibu. Akifika pale atageuka mwenyewe, na bei itakuwa imeshuka.

Naishi naye mlango kwa mlango, kwa hiyo nayajua na yasiyochekesha. Pampu yetu ya mkono ilipakwa rangi nyekundu na watu wa serikali: maji ya chini hapa yana sumu, msinywe. Wakapaka, wakaenda zao. Pampu salama iko ng'ambo ya mashamba, na wakati wa mvua hata bata hafiki huko. Tukaendelea kunywa. Habib, mtoto wa Monowara, akaota magamba viganjani mpaka kushika jembe ikawa kilio. Aliyebaki mzima ni Tuni, binti wa Habib, bado mdogo, ngozi yake haina doa. Kila alipomwogesha, Monowara alimgeuza juani huku na huku akimkagua mgongo. Hakuona kitu, na bado roho haikutulia.

Ndipo akaja Daktari Paromita, si daktari wa dawa bali wa vitabu, mchumi kutoka Kolkata. Siku ya kwanza alipita kutueleza kwamba anachunguza watu huchaguaje kati ya huduma moja na nyingine, na wako tayari kulipa kiasi gani kila mwezi kwa maji safi ya bomba. Kesho yake angerudi kumuuliza kila mtu nyumbani kwake. Alipoondoka tu, Monowara akatukusanya.

"Sikilizeni nyie. Mtu wa mjini akikuuliza utatoa ngapi, bei anayo tayari. Anachotafuta ni ujinga wako."

"Sasa tuseme nini, dada?" nikamuuliza.

"Rupia ishirini. Na mkunje uso."

"Lakini maji si tunayataka?"

"Ndiyo maana nakwambia ukunje uso, wewe! Ukionyesha unataka, umeliwa."

Baadaye aliniita pembeni. Kwa ajili ya Tuni angetoa hata mia na hamsini kila mwezi, akasema, mbuzi wauzwe wote. Nisimwambie mtu.

Kesho yake Daktari Paromita alikaa kwenye mkeka wa Monowara, akanywa chai, akatandaza kadi za picha. Moja ilikuwa na bomba uani, maji kutwa, bei juu. Nyingine bomba la barabarani, asubuhi na jioni, bei nafuu. Ya tatu ilikuwa pampu yetu, tubaki tulivyo.

"Mama, ungechagua ipi?"

Monowara akagusa ya tatu kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma samaki aliyechina.

"Hata bomba la uani kwa rupia mia?"

"Mia! Hayo ni maji au maziwa?"

"Hamsini je?"

"Mwanangu, mvua inanyesha bure."

"Basi mwenyewe ungetoa ngapi?"

"Ishirini. Na hiyo ni kwa sababu umekunywa chai yangu."

Daktari alicheka, akaandika. Nyumba zote zikamjibu ishirini. Alipomaliza alikusanya kadi, akatushukuru, akaondoka. Tukasimama uani kimya, tunamtazama mgongo. Akafika kona ya bwawa. Akapita.

"Atarudi," Monowara akasema.

Tukasikia gari likiwaka.

"Atarudi kesho."

Mvua zilipoisha malori ya mabomba yalipita kwetu bila kusimama, yakaelekea kijiji jirani cha Boalia. Wafadhili waliomtuma Daktari walikuwa na fedha za kijiji kimoja tu, wakachagua penye watu watakaolipia mitambo isife. Wa Boalia walikuwa wamejibu mia, mia na ishirini, na sisi tulikuwa tumewacheka.

Monowara alivaa sari yake nzuri, akanishika mkono, tukapanda basi mpaka ofisini kwa Daktari Paromita. Hata hakukaa.

"Mia na hamsini," akasema. "Kijiji kizima. Haya, nimegeuka mimi, maana wewe ulikataa kugeuka."

Daktari alimtazama haelewi, kisha taratibu uso wake ukabadilika.

"Mama, sikuwa nauza. Nilikuwa nauliza."

"Anayetaja bei anauza."

"Mbona hukuniambia kweli?"

"Mbona wewe hukubisha? Nilisema ishirini, ungesema themanini, tungefika!"

"Mabomba yameshafukiwa, mama. Fedha zimekwisha." Akainamisha kichwa. "Mimi nilikuamini."

Monowara akavuta pindo la sari yake begani, akageukia mlango. Umri ule wote hakuna mtu aliyewahi kuiamini bei yake ya kwanza, na huyu mmoja aliyeiamini ndiye aliyekuwa na maji. Niliona uchungu hata nikashindwa kumshika bega.

Tuliporudi wanawake walikuwa wanatungoja pale kwenye pampu, na mke wa Habib katikati yao. Monowara aliwaambia yote mwenyewe. "Mimi ndiye niliyewafundisha," akasema. "Nimewaponza." Nilitamani mmoja wao amtukane, yaishe. Hakuna aliyemtukana. Mke wa Habib alivuta mpini wa pampu akajaza sufuria, maana wali ulikuwa bado haujapikwa.

Tuni akatokea kutoka shule, jasho linamtoka, akakinga kikombe chini ya maji yale. Monowara alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaushusha. Angempa nini kingine? Mtoto akanywa chote kwa pumzi moja, akamwinulia bibi yake kikombe kitupu.

"Bibi, niongeze."