Masale ya Kocha

Kocha wetu wa mpira wa kikapu alikuwa Mfilipino mfupi mwenye mabega ya mpakia magunia. Kabla ya kuja Kibosho kufundisha ufundi wa magari kwenye chuo cha parokia, kwao alikuwa dereva wa magari ya mashindano. Sisi wasichana tuliijua habari hiyo kwa sababu ya picha moja aliyoibandika karakanani: yeye na mwenzake wamesimama mbele ya gari, kofia ngumu kwapani, wanacheka. Tukimuuliza kwa nini aliacha, alitutuma kukimbia kuzunguka uwanja. Tukajifunza kutouliza.

Alitufundisha kikapu kana kwamba tumo ndani ya gari. Punguza kabla ya kona, alisema, si ndani ya kona, ukishaingia umechelewa. Mimi nilikuwa na hasira za karibu, nawavamia wapinzani kama ng'ombe aliyekata kamba, kwa hiyo maneno hayo niliambiwa mimi kuliko wengine wote. Yalinikera. Baadaye alihamia Dar kufundisha timu kubwa za wanaume, watu wakamsifu, lakini alianza na sisi, kwenye uwanja wa udongo, na raba za mitumba zisizolingana miguuni. Akatufikisha fainali ya mjini. Kwa hilo ningemsamehe mengi.

Wiki ile ya fainali alitaka vigingi vya kupita katikati tukidundisha mpira. Nilipofika mazoezini jioni nilikuta ameshavisimika, ila havikuwa vigingi. Yalikuwa masale, yana mizizi, yana udongo mbichi.

Kwa asiye wa kwetu, isale ni mmea wa majani marefu ambao Mchagga haugusi ovyo. Unapandwa kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, na kihamba chenyewe hakina hati nyingine. Jani lake ndilo la kuombea msamaha pia: aliyekukosea akija amelishika, huwezi kumfukuza. Kocha yeye aliona tu mimea mizuri iliyojipanga mstari. Nilipomuuliza ameyatoa wapi, akaonyesha juu, kwenye kijia cha nyuma ya nyumba yetu, tena anatabasamu.

Ule ulikuwa mpaka wa baba na baba mkubwa, kaka yake wa tumbo moja. Tangu kahawa ilipoacha kutulipa na watu kuanza kulima nyanya, walikuwa wakigombea kipande kile kisichotosha hata kufungia mbuzi, mpaka wazee wa ukoo wakakaa, wakapanda masale yale mbele yao wote wawili. Siku hiyo baba aliapa kwamba atakayeyang'oa atamkata. Baba mkubwa naye aliapa hivyo hivyo.

Nilimwambia kocha ayarudishe sasa hivi, yote, na akifika ashike jani moja mkononi, asilitupe hata akitukanwa. Kisha nikakata mbio kupanda mlima.

Nilichelewa. Walikuwa wamesimama pande mbili za yale mashimo, kila mmoja na panga lake, na hakuna aliyekuwa amekuja kukata majani ya ng'ombe. Baba hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Kaka," alisema, "leo utanionyesha mpaka uko wapi." Baba mkubwa akavuka shimo. Nikapiga kelele kwamba ni kocha, ni kocha wetu ameyang'oa, lakini hakuna aliyenigeukia. Nani amsikilize mtoto wa kike kwenye mambo ya kihamba? Sijawahi kuogopa vile. Nilijua mmoja wao angelala pale, na atakayebaki ningemchukia maisha yangu yote.

Ndipo niliposikia pikapu ya chuo. Kijia kile ni cha watu na ng'ombe, upande mmoja mfereji wa maji, upande mwingine migomba, na mvua ilikuwa imenyesha. Hakuna dereva wa Kibosho ambaye angejaribu kupita. Yeye alikuja kwa kasi ambayo sijaiona tena, gurudumu moja likimega ukingo wa mfereji, akasimama katikati yao, boneti karibu iguse goti la baba. Akashuka. Jani la isale alilishika kwa mikono miwili.

"Mimi nimeng'oa," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi. Si ndugu yako."

Baba alimporomoshea matusi ya Kichagga ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kocha hakulitupa jani. Panga la baba lilikuwa bado juu. Baba mkubwa ndiye aliyesogea kwanza, akaligusa lile jani. Baba akalichoma panga kwenye shina la mgomba, kwa nguvu, halafu naye akaligusa. Tukayapanda upya kabla ya giza, kila isale kwenye shimo lake.

Siku ya fainali baba alisema anakwenda kuuona huo mchezo unaong'oa mipaka ya watu. Baba mkubwa akasema yeye naye haachwi. Kocha akawaketisha mbele wote wawili, sisi tukapanda nyuma. Kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika zamani, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Tuliteremka polepole hadi wenye baiskeli za ndizi wakatupita, na baba akashindwa kuvumilia. Akamuuliza mbona juzi alikuja kama anafukuzwa, na leo anatambaa.

"Juzi nilikuwa peke yangu," kocha alijibu. "Yule wa kwenye picha ni kaka yangu. Usukani mimi, yeye pembeni. Kona moja, sikupunguza. Yeye alikufa."

Siku ile tulifungwa, na nililia, lakini ninachokumbuka zaidi ni kilichotokea mle mbele tulipokuwa tunaingia Majengo, mjini. Baba mkubwa alikuwa amebanwa kwenye mlango usiofunga vizuri. Akamwambia baba asogee kidogo.

Baba akasogea.