Aliniacha Mbele ya Baba Yangu, Sasa Anataka Nimsifu Kanisani

Admin, ficha jina langu. Mimi ni mama wa miaka themanini na nane, mjane, naishi Asembo Bay. Mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi nasema tu.

Hawa wajukuu wana kipindi chao cha vichekesho kwa TV, cha vijana wanaofanyia wanasiasa kazi na kupendana humo humo ofisini. Kutwa kubusiana mlangoni, kazi hakuna anayefanya, na watu wanacheka. Mimi hutoka nje. Nilifanya kazi ofisi kama hiyo Kisumu, miaka ya hamsini, Waafrika tulipoanza kuchagua wajumbe wetu. Sikuona cha kucheka.

Nilikuwa mpiga taipu wa mgombea mmoja, chumba cha nyuma ya duka la nguo la Mhindi. Mwandishi wa hotuba nitamwita Ezra. Nywele amezipasua njia katikati, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kola, na tai ya kuazima. Alikuwa akiniita binti wa Asembo kwa Kijaluo, akiniambia, "Tukishinda tu, Nyar Asembo, naleta ng'ombe kwenu." Alikuja nyumbani, akala kuku wa mama, akamwita baba yangu "baba mkwe" kabla hajaleta hata kamba ya ng'ombe. Mwalimu mmoja wa Pap Onditi alinichumbia, nikamkataa kwa sababu ya huyo.

Tukashinda. Kwenye karamu mjumbe wetu mpya akasimama, akamshika Ezra bega. "Huyu sasa ni shemeji yangu. Anamuoa dada yangu."

Ezra akainamisha kichwa kama mtu anayebatizwa. Baba yangu alikuwa mstari wa mbele na koti lake la kanisa, kwa sababu Ezra mwenyewe ndiye alimwalika. Watu wakageuka kumwangalia. Baba aliinuka akaondoka bila kugusa chakula.

Asubuhi yake Ezra akanijia ofisini, hata aibu hana.

"Usikasirike. Hiyo ni siasa tu. Wewe baki hapa, mambo yetu yataendelea polepole."

"Yataendelea wapi, Bwana Ezra?"

"Nitakutafutia chumba."

Nilifunika mashine nikatoka. Nikauza nguo sokoni Kibuye, nikaolewa na mchuuzi wa samaki, mtu wa maneno machache aliyeleta ng'ombe kwanza ndiyo akaanza kuongea. Niliishi naye vizuri mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa juzi mtoto wa Ezra amekuja na gari kubwa. Baba yake ni mgonjwa, wanamfanyia ibada ya shukrani. Eti mzee amewasimulia kwamba mimi ndiye nilikuwa mchumba wake wa kwanza, tukaachana kwa sababu baba yangu alitaka ng'ombe wengi mno!

"Dani, njoo useme neno moja zuri tu," kijana akaniomba, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Mzee atafurahi sana."

Wanangu wanasema niende, nimsamehe, amezeeka. Kwani uzee ni sabuni? Mwongo akizeeka anakuwa mwongo mwenye mkongojo.

Nikienda, nitasema yote kwa maikrofoni, na wajukuu zake watasikia. Nikikaa nyumbani, baba yangu atabaki kwenye midomo ya watu kama mzee mwenye tamaa, na yeye hayupo kujitetea. Ibada ni Jumapili hii. Nishaurini jamani, lakini asiniambie mtu habari ya kumhurumia: niende nikaseme, au nimwache azikwe na uongo wake?